SOMO LA AFYA: Kabla Dawa Haijamfikia Mgonjwa



Katika matoleo yaliyotangulia tumewaeleza habari za ada, mabweni na sare za wanafunzi wa uuguzi mnaowasomesha. Safari hii tumeona ni vema tuingie nao darasani. Maswali mengi tunayopokea kutoka kwenye kamati yanahusu jambo moja: kwa nini muuguzi wa zahanati anachukua muda mrefu kabla ya kutoa dawa, na kwa nini wakati mwingine anakataa kabisa kuchoma sindano ambayo mgonjwa mwenyewe ameiomba. Wengine husema ni maringo ya waliosoma. Jibu limo ndani ya somo liitwalo famakolojia, yaani elimu ya dawa na jinsi zinavyofanya kazi mwilini. Tumelieleza kwa lugha ya kawaida ili kila mwanakamati alielewe, na wala halichukui nafasi ya mwongozo wa matibabu ulioko zahanati.

DAWA HUSAFIRI MWILINI

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kuifuata dawa kama mtu anavyomfuata msafiri. Kidonge kikimezwa hufyonzwa tumboni na kuingia katika damu, damu hukisambaza mwilini, ini huivunjavunja dawa, na figo huitoa kwa njia ya mkojo. Kila kituo kina shida zake. Mzee ambaye figo zimechoka hukaa na dawa muda mrefu kuliko kijana, hivyo dozi ya pili humkuta ile ya kwanza ingali ndani. Mtoto mchanga naye ini lake halijakomaa. Ndiyo maana jentamisini, dawa nzuri sana kwa maambukizi makali, inaweza kuharibu figo na masikio ikitolewa bila kujali uzito na hali ya figo za mgonjwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni dawa mseto ya malaria, ile ALu ambayo Tanzania iliichagua mwaka 2006 baada ya SP kushindwa, kama SP ilivyochukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001. Ndani ya kidonge kimoja kuna dawa mbili. Ya kwanza, atemetha, huwaua vimelea kwa haraka lakini hutoka mwilini baada ya saa chache. Ya pili, lumefantrini, huenda polepole na kubaki kwa siku kadhaa ikimalizia vimelea vilivyobaki. Mgonjwa hupata nafuu siku ya pili kwa sababu ya ile ya haraka, na hapo ndipo wengi huacha vidonge vilivyosalia na kumwekea mtoto mwingine akiba. Muuguzi anaposisitiza dozi zote sita kwa siku tatu, na ile ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, anazungumzia safari hizo mbili zisizolingana. Anaposema zimezwe pamoja na maziwa au uji wa karanga pia ana sababu: lumefantrini hufyonzwa vizuri zaidi palipo na mafuta.

MAMBO MATANO YA KUHAKIKISHA

Kila chuo cha uuguzi hufundisha mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Siku hizi vyuo vingi huongeza la sita, kumbukumbu sahihi, yaani kuandika mara baada ya kutoa dawa, wala si kabla. Mtu anaweza kuyakariri yote kwa dakika moja. Kuyatenda saa tisa usiku wodini ni habari nyingine.

Chukua hilo la kwanza. Katika wodi zetu si ajabu kukuta akina Maria watatu, na wawili kati yao baba zao wote wanaitwa Yosefu. Mwanafunzi hufundishwa asiulize, "Wewe ndiye Maria?" bali, "Jina lako nani, mama?" Kwetu mgonjwa, hasa mzee asiyesikia vizuri, huitikia "ndiyo" kwa heshima tu, asije akamsumbua muuguzi. Jina likitoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe au ndugu anayemuuguza, kisha likalinganishwa na faili na namba yake, kosa hilo hupungua sana. Hapo hapo huulizwa kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, na kama ametumia mitishamba. Tunawaomba wanakamati mtusaidie katika hili, kwa sababu watu huficha mitishamba wakidhani watagombezwa.

Njia ya kuingiza dawa nayo haibadilishwi kwa hisani. Wapo wanaoamini kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge, na muuguzi anayekataa kuwachoma huonekana mchoyo. Lakini dawa ikishaingia mshipani hairudi. Potasiamu kloraidi ikichomwa mshipani bila kuchanganywa kwenye dripu inaweza kuusimamisha moyo papo hapo. Kwa sababu hiyo hospitali zilizo makini haziiweki kwenye kabati moja na maji ya kuchanganyia dawa. Sindano ya makalioni kwa mtoto mdogo inaweza kuugusa mshipa wa fahamu na kumwachia kilema cha mguu, kwa hiyo wanafunzi hufundishwa kuchoma upande wa nje wa paja.

HESABU YA ATESUNETI

Hapa tunaomba msomaji achukue kalamu, maana hesabu hii ndiyo kiini cha somo.

Mtoto mwenye malaria kali, anayeanguka degedege au asiyeweza kumeza, hutibiwa kwa sindano ya atesuneti. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zikiwemo, ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliopewa kwinini walifariki karibu 11, na waliopewa atesuneti walifariki kati ya 8 na 9. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto.

Dozi yake ni miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, na miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa aliye na kilo 20 au zaidi. Hutolewa anapofika, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza, na hapo humaliza na dozi kamili ya dawa mseto. Mtoto wa kilo 10 basi anahitaji miligramu 30.

Kichupa cha miligramu 60 kina unga. Kwanza huyeyushwa kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti. Kama dawa itapita mshipani, huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi, jumla mililita 6, na kila mililita ina miligramu 10. Mtoto wetu atapata mililita 3. Kama itachomwa kwenye msuli wa paja, huongezwa mililita 2 tu, jumla mililita 3, na kila mililita ina miligramu 20. Hapo atapata mililita 1.5. Sasa fikiria muuguzi aliyechanganya kwa ajili ya paja huku kichwani ana hesabu ya mshipa: atavuta mililita 3, na mtoto atapata dozi maradufu. Akikosea upande wa pili, mtoto atapata nusu, na malaria kali haingoji. Tena dawa ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja, kwa hiyo haiwezekani kuandaa asubuhi kwa ajili ya jioni ili kuokoa muda.

Hesabu yote hiyo husimama juu ya uzito. Bila mizani muuguzi hukadiria kwa macho, na mtoto aliyevimba au aliyefungwa kanga tatu humdanganya mtu yeyote. Mizani ya kawaida ya watu wazima inatosha kwa kuanzia: mama hupimwa akiwa amembeba mtoto, kisha hupimwa peke yake, na tofauti ndiyo uzito wa mtoto. Kwa maoni yetu, zahanati yenye mizani inayofanya kazi na isiyo na rangi mpya ukutani ni bora kuliko ile iliyopakwa rangi kwa ajili ya ugeni wa Baba Askofu.

MAMA MWENYE KIFAFA CHA MIMBA

Mfano wa pili ni magneziamu salfeti, ambayo mwaka 1995 utafiti uliofanyika nchi kadhaa ulithibitisha kuwa ni bora kuliko diazepamu na fenitoini kwa kifafa cha mimba. Huokoa mama, na ikizidi humzuia kupumua. Ile yenye nguvu ya asilimia 50 ina gramu 1 katika mililita 2. Dozi ya kwanza ya mshipani ni gramu 4, yaani mililita 8, lakini haichomwi hivyo hivyo: huongezwa mililita 12 za maji safi ya sindano ili ifike asilimia 20, kisha huingizwa taratibu kwa dakika zisizopungua 5. Baada ya hapo hufuata gramu 5 katika kila upande wa makalio.

Kabla ya kila dozi inayofuata, saa 4 baadaye, muuguzi huangalia mambo matatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linaruka linapogongwa, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Moja likikosekana, dozi husimama. Pembeni hukaa kalsiamu glukoneti tayari, kwa ajili ya kuizima dawa ikiwa pumzi imeanza kupotea. Hesabu ya pumzi inataka saa yenye mshale wa sekunde, na kupima mkojo kunataka mfuko wenye alama. Vifaa hivi ni vya bei ndogo, na ndiyo maana husahaulika kwenye bajeti.

MWANDIKO, NUKTA NA MAKOSA

Nusu ya miligramu ikiandikwa bila sifuri mbele ya nukta, husomeka 5 kwenye karatasi iliyochakaa. Herufi U iliyoandikwa baada ya namba kumaanisha yuniti za insulini husomeka kama sifuri, na yuniti 10 hugeuka 100. Wanafunzi huelekezwa waandike 0.5, na waandike neno zima "yuniti". Huelekezwa pia waombe mwenzao arudie hesabu bila kuonyeshwa jibu. Kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja wa zamu mwenzake hayupo, basi hurudia mwenyewe tangu mwanzo kwa sauti. Wanakamati mliokuwa mkishangaa kumsikia muuguzi akijisemesha peke yake dirishani, huenda ndilo alilokuwa akifanya.

Hata hivyo makosa hutokea. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya dunia nzima ya kupunguza madhara yatokanayo na makosa ya dawa, hivyo haya si matatizo ya nchi maskini peke yake. Tunapenda kusema wazi mbele ya kamati zinazoajiri wauguzi: muuguzi anayetoa taarifa ya kosa lake mara moja anampa mgonjwa nafasi ya kuokolewa. Kamati ikimwita kumfokea mbele ya watu, wa pili atanyamaza, na mgonjwa wa pili atazikwa bila sababu kujulikana. Uzembe wa makusudi ni jambo jingine na una taratibu zake katika Baraza la Uuguzi na Ukunga.

KWA WAFADHILI WETU

Ukarimu wenu tunauthamini, na Yoshua bin Sira, sura ya 38, hakuona aibu kumtaja mtengeneza dawa pamoja na mganga. Lakini masanduku ya dawa mchanganyiko zilizobaki majumbani hutuletea kazi na hatari. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani juu ya misaada ya dawa inataka dawa iwe imeombwa na mpokeaji, iwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake inapofika, na lebo iwe katika lugha inayoeleweka hapa, ikiwa na jina halisi la dawa na si la biashara pekee. Muuguzi asiyejua Kijerumani wala Kiitaliano hawezi kutimiza hata la pili kati ya yale mambo matano. Insulini na oksitosini, ambazo huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, hazifai kabisa kusafiri katika kifurushi cha kawaida.

Kwa hiyo mwaka huu tunaomba fedha badala ya masanduku. Zitanunua mizani, mabomba ya sindano ya mililita 1 yenye alama ndogo ndogo, vipimajoto vya majokofu, saa za ukutani na karatasi za kuandikia dawa. Kila kamati ya parokia yenye zahanati tunaiomba ikague vitu hivyo vitano pamoja na muuguzi wake, iandike kilichopo na kisichopo, na karatasi hiyo iletwe kwetu kwa mkono wa Paroko kabla ya kikao cha robo ijayo.