Taifa Linaloishi Chini ya Usawa wa Bahari

Maua ya waridi yanayokatwa katika mashamba ya Naivasha hupakiwa katika ndege mjini Nairobi, na mengi katika hayo hushushwa katika kiwanja cha ndege cha Schiphol, karibu na mji wa Amsterdam katika nchi ya Uholanzi. Si wengi katika wale wayafungao maua hayo wajuao kwamba kiwanja hicho kimejengwa juu ya sakafu ya ziwa. Zamani palikuwa na ziwa kubwa, jina lake Haarlemmermeer, ambalo lilikuwa likila kingo zake mwaka hata mwaka na kuvitisha vijiji na miji. Waholanzi wakalizungushia tuta na mfereji, wakasimamisha mashine tatu kubwa za mvuke, na tangu mwaka 1849 hata mwaka 1852 wakayapiga maji yote nje. Leo ndege hutua mahali palipo chini ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 3.

Somo la juma hili lahusu taifa hilo. Ulimwengu umo katika mabadiliko makubwa ambayo hakuna serikali iwezayo kuyazuia peke yake, na mojawapo ni kupanda kwa bahari. Tangu mwaka 1901 hata mwaka 2018 bahari za dunia zilipanda kiasi cha sentimeta 20. Sababu zajulikana: moshi wa makaa ya mawe na wa mafuta huongeza joto duniani, maji yapatapo joto hutanuka, na barafu iliyo juu ya milima, na katika nchi za Greenland na Antaktika, huyeyuka na kuteremka baharini. Tena mwendo wake waongezeka. Katika miaka ya 2006 hadi 2018 bahari ilikuwa ikipanda karibu milimeta 4 kila mwaka. Wataalamu wa jopo la mataifa lichunguzalo mabadiliko ya hali ya hewa wakadiria kwamba ifikapo mwaka 2100 itakuwa imepanda sentimeta 28 hadi 55 ikiwa moshi utapunguzwa upesi, na sentimeta 63 hadi meta 1 ikiwa utaachwa uzidi. Nao waonya kwamba barafu ya Antaktika yaweza kuwashangaza.

Bahari ni moja, na maji yanayopanda Rotterdam ndiyo yapandayo Lamu na Mombasa. Lakini Waholanzi wana haraka kuliko wengine. Karibu robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari, na pasipo matuta zaidi ya nusu yake ingeweza kufurikiwa na bahari au na mito, nao ni watu karibu milioni 18. Mahali pa chini kabisa, karibu na Rotterdam, pana kina cha meta 6.76. Watu wanne wakisimama hapo, kila mmoja juu ya mabega ya mwenziwe, bahari ingewafunika wote.

Nchi hiyo haikuwa chini hivi tangu mwanzo. Sehemu kubwa yake ilikuwa kinamasi chenye udongo wa mboji, na watu wa kale walipochimba mifereji ili kuukausha wapate kulima, mboji ilinywea na kuoza, ardhi ikashuka. Iliposhuka, maji hayakuweza tena kutoka yenyewe, ikawabidi kuyainua kwa vinu vya upepo, kisha kwa mvuke, na sasa kwa umeme. Kadiri walivyozidi kukausha ndivyo ardhi ilivyozidi kushuka, na mahali pengi yaendelea kushuka hata leo. Dawa ndiyo iliyouongeza ugonjwa. Shamba la namna hii, lililozungukwa na tuta na kukaushwa kwa pampu, huitwa polda.

Kabla hawajawa na mfalme mmoja wala bunge moja, Waholanzi walikuwa na Mabaraza ya Maji. Yalianza katika karne ya 13, na yangali yapo; leo ni 21, ingawa miaka ya 1950 yalikuwa zaidi ya 2,000, mengine madogo kiasi cha kata moja tu. Wajumbe wengi wa baraza huchaguliwa kwa kura, nalo hutoza kodi yake lenyewe, mbali na kodi ya Serikali, na fedha hizo hazitumiki ila kwa kazi ya maji. Desturi ya zamani ilikuwa kali. Kila mwenye shamba alipewa kipande cha tuta akitunze. Aliyeshindwa aliuchomeka mwiko wake wa kulimia katika tuta, akaondoka, na yule aliyeuchomoa alilitwaa shamba pamoja na wajibu wa kulitunza tuta. Wasomaji wetu wa Budalang'i, wanaoyajua matuta ya mto Nzoia, hawahitaji kufundishwa sababu ya ukali huo: tuta likipasuka mahali pamoja ni sawa na kwamba limepasuka lote, na uvivu wa mmoja huwazamisha majirani.

Hata hivyo taifa lenye desturi hizo lilikutwa halijajiandaa. Katika miaka ya 1930 mhandisi mmoja wa Serikali, Johan van Veen, alipima maji ya midomo ya mito ya kusini na kuona kwamba matuta mengi yalikuwa mafupi mno kwa tufani kubwa. Taarifa zake ziliwekwa siri. Kisha ikaja vita, na baada ya vita nchi ilikuwa na nyumba za kujenga na madeni ya kulipa, na matuta yakaambiwa yangoje.

Usiku wa Jumamosi tarehe 31 Januari, 1953, kuamkia Jumapili, dhoruba kutoka kaskazini-magharibi iliyasukuma maji ya Bahari ya Kaskazini hata yakajaa katika pembe ya kusini, ambako bahari ni nyembamba. Usiku huo ulikuwa wa bamvua. Idara ya hali ya hewa ilipeleka simu za onyo jioni, lakini ni mabaraza machache yaliyokuwa yamejiandikisha kuzipokea, na redio ya taifa ilifunga matangazo yake usiku wa manane kama ilivyokuwa kawaida. Watu wakalala. Maji yalipita juu ya matuta, yakateremka upande wa ndani ambao haukuimarishwa, yakaukwangua udongo mpaka tuta likaanguka kutoka nyuma. Asubuhi visiwa vya Zeeland vilikuwa bahari. Waliokufa Uholanzi walikuwa 1,836, na ng'ombe na wanyama wengine maelfu kwa maelfu. Uingereza nako walikufa zaidi ya 300.

Usiku ule ule, katika mto Hollandse IJssel, tuta lililolinda wilaya zenye watu wapatao milioni tatu lilianza kubomoka. Meya wa Nieuwerkerk alimwamuru nahodha Arie Evegroen aiingize mashua yake ya mizigo katika pengo. Nahodha akaielekeza ubavu kwa ubavu, na mkondo wa maji wenyewe ukaisukuma mashua ikaliziba pengo kama mlango. Tuta likasimama. Laiti mashua ile isingalikuwapo, huenda hesabu ya wafu ingalikuwa nyingine kabisa.

Kabla mwezi wa Februari haujaisha Serikali iliunda Tume ya Delta. Kazi yake ya kwanza haikuwa kuchora mabomba wala milango, bali kuuliza swali moja: tujilinde na maji ya kimo gani? Hapo ndipo somo hili lina faida kwetu. Desturi ya watu wote ni kujenga tuta lipite kidogo kimo cha gharika ya mwisho, kana kwamba gharika kubwa kuliko hiyo haiwezi kuja. Wataalamu wa hesabu wa Tume walilinganisha gharama ya kuinua tuta na thamani ya vitu ambavyo vingepotea, wakapendekeza kwamba pwani ya Holland, penye miji mikubwa, ilindwe na maji ya kimo ambacho hutazamiwa mara moja tu katika miaka 10,000. Maneno haya huwapoteza wengi. Hayana maana kwamba tuna miaka 10,000 ya kupumzika. Fikiri gunia lenye maharagwe 10,000, na moja kati yake ni jeusi. Kila mwaka mtu hufumba macho akatoa moja, kisha akalirudisha. Jeusi laweza kutoka mwaka huu, tena laweza kutoka mwaka ujao. Lakini kwa hesabu hiyo taifa laweza kujadili waziwazi ni hatari kiasi gani litakubali na litalipa kiasi gani, badala ya kungoja mpaka hofu iwashike.

Kazi zenyewe zilifuata. Mlango wa kwanza ulifungwa mwaka 1958, na haukuwekwa kwingine ila katika mto ule ule wa nahodha Evegroen. Midomo ya bahari ikazibwa mmoja baada ya mwingine. Walipofika mdomo wa Oosterschelde, wavuvi wa chaza na kome walipinga, kwa kuwa maji yakifungwa kabisa yangepoteza chumvi na viumbe vyake vingekufa. Wapenzi wa ndege na samaki wakajiunga nao. Ubishi ulidumu miaka, na kazi ilikuwa imekwisha kuanza. Mwaka 1976 Bunge lilikata shauri kwamba mahali pa ukuta pawekwe milango 62 ya chuma, iachwe wazi siku zote ili maji yajae na kupwa, na ifungwe wakati wa tufani tu. Malkia Beatrix aliifungua kazi hiyo tarehe 4 Oktoba, 1986. Gharama ilizidi sana ile ya ukuta. Walioilaumu wakati ule walikuwa na hoja, lakini ni vigumu kumwona mtu leo anayetamani kwamba ukuta ungejengwa.

Kisha mito ikawageukia. Mwaka 1993 na tena mwaka 1995 mito ya Rhine na Meuse ilijaa, na mara ya pili watu kama 250,000 waliondolewa majumbani mwao pamoja na wanyama wapatao milioni. Matuta yalihimili, ila kwa shida. Kwa karne nyingi jibu la Waholanzi lilikuwa kuinua tuta. Sasa walitambua kwamba kila tuta linapoinuliwa, maji yaliyobanwa huwa marefu zaidi, na likipasuka madhara huwa makubwa zaidi. Tangu mwaka 2006 wakaanza mpango wa kuupa mto nafasi, katika mahali zaidi ya 30. Karibu na mji wa Nijmegen tuta lilisogezwa nyuma meta 350 na mto ukachimbiwa njia ya pili. Nyumba kadhaa zilibomolewa, na wenyewe hawakufurahi. Katika polda ya Overdiep, wakulima waliposikia kwamba ardhi yao itaachiwa maji, walileta shauri lao wenyewe: nyumba na mabanda ya ng'ombe yainuliwe juu ya vilima vya udongo kando ya tuta, na malisho yaachwe yafurikiwe kila mto utakapojaa. Serikali ikakubali. Vilima hivyo si vipya. Mababu wa pwani ya kaskazini waliishi juu ya vilima vya namna hiyo kabla matuta hayajajengwa. Lakini ardhi haikuwatosha wote, na jamaa wengine walihama.

Matengenezo haya yalijaribiwa Julai 2021, mvua kubwa ilipoinyeshea Ulaya ya magharibi. Ujerumani walikufa watu zaidi ya 180, na Ubelgiji karibu 40. Uholanzi, mji wa Valkenburg uliharibika vibaya, lakini hakuna aliyepoteza maisha katika gharika ile. Ni kweli pia kwamba Uholanzi ilipata mvua pungufu na haina mabonde yenye miteremko mikali, kwa hiyo sifa yote si ya wahandisi.

Sasa sheria ya mwaka 2012 imeunda Mfuko wa Delta, na kila mwaka zaidi ya euro bilioni moja hutumika, pawe na gharika pasiwe. Kamishna mmoja huwajibika kuleta mpango kila mwaka Bungeni. Tangu mwaka 2017 kipimo kimebadilishwa: ifikapo mwaka 2050 kila mtu akaaye nyuma ya tuta kubwa awe na nafasi isiyozidi moja kwa 100,000 kwa mwaka ya kufa kwa gharika, awe tajiri wa Amsterdam au mkulima wa Zeeland. Pwani hulishwa mchanga unaofyonzwa kutoka baharini. Mwaka 2011 meta za ujazo milioni 21.5 zilimwagwa mahali pamoja, ili upepo na mawimbi vifanye kazi ya kuutawanya bila ujira.

Wakati huo huo, katika polda ile iliyo chini kuliko zote, mipango ya kujenga maelfu ya nyumba mpya inaendelea, kwa kuwa watu hawana mahali pa kukaa. Mambo haya mawili hayapatani, na Waholanzi wenyewe hubishana juu yake.

Karibu na Rotterdam, bandari kubwa kuliko zote za Ulaya, kuna lango liitwalo Maeslant, lililofunguliwa mwaka 1997. Lina mikono miwili, kila mmoja una ukuta wa chuma wenye urefu wa meta 210, na ni kompyuta iamuayo kuifunga. Lilipojengwa lilitazamiwa kufungwa kwa ajili ya tufani mara moja katika miaka kama kumi. Lilifungwa hivyo Novemba 2007, na tena Desemba 2023. Bahari ikipanda nusu meta zaidi, litafungwa mara nyingi kuliko lilivyokusudiwa, na kila lifungwapo meli hungoja nje na maji ya mito hujaa ndani. Wahandisi wameweka mezani njia mbalimbali: kuufunga mdomo wa mto moja kwa moja na kupitisha meli katika milango ya ngazi, kuuacha wazi na kuinua matuta yote ya ndani, kuisogeza pwani mbele baharini, au kuyaachia maji sehemu za nchi. Uchunguzi unaendelea, na wabunge watakaoamua wengine bado wako shuleni.