Bakteria akikosa chakula hulala, hafi

"Daktari, kikohozi kimeisha na uzani umerudi. Mbona niendelee kumeza tembe?" Swali hili wagonjwa wa kifua kikuu huniuliza mara kwa mara, hasa baada ya miezi miwili ya kwanza. Jibu lake, msomaji, limo katika tabia ya bakteria wakati wa njaa.

Kabla ya bakteria kujigawa kuwa wawili, ni lazima anakili DNA yake, yaani maagizo yote ya uhai wake. Chukua mfano wa Escherichia coli, anayeishi matumboni mwetu. Akiwa na chakula tele anaweza kujigawa kila dakika 20 hivi. Kunakili huanzia mahali pamoja tu kwenye DNA, na protini iitwayo DnaA ndiyo inayofungua nyuzi zake mbili ili kazi ianze.

Je, chakula kikipungua? Amino asidi, ambazo ndizo hutengeneza protini, zikikosekana, mitambo ya kuunda protini hukwama. Hapo bakteria hutoa kemikali ya kupiga mbiu ya hatari, ppGpp, iliyogunduliwa mwaka wa 1969 na Michael Cashel na Jonathan Gallant wa Marekani. Mbiu hiyo ikilia, E. coli haanzi kunakili upya, lakini humaliza nakala aliyokwisha kuianza. Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, hupunguza kasi hata katikati ya safari. Wote wawili hukwepa hatari moja: kuanza kazi ambayo hawana chakula cha kuikamilisha.

Hapa ndipo penye taabu kwa daktari. Penisilini, kwa mfano, humwua bakteria anapojenga ukuta wa mwili wake. Asiyejenga haguswi. Mwaka wa 1944 Joseph Bigger aliona kuwa penisilini iliua karibu bakteria wote wa aina ya staphylococcus, lakini wachache wakabaki. Alipowakuza, wazao wao waliuawa na dawa ile ile. Kumbe hawakuwa sugu. Bigger alifikiri walikuwa wametulia tu bila kujigawa.

Bakteria wa kifua kikuu ni mpole zaidi: huchukua karibu saa 20 kujigawa hata akiwa ameshiba, na yeye pia ana mbiu ya ppGpp. Ndiyo sababu matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: dawa nne kwa miezi miwili, kisha rifampicin na isoniazid kwa miezi minne. Miezi ya mwanzo huua wengi walio macho, nawe ukapata nafuu. Iliyobaki ni ya kuwamaliza waliolala.

Ukiacha katikati, waliolala huamka na ugonjwa hurudi, pengine ukiwa sugu kwa dawa. Dawa zikikusumbua, au macho yakigeuka manjano, rudi kliniki mara moja. Usijikatie shauri nyumbani. Kupata nafuu si kupona.