Mtu Aliyeshtakiwa kwa Silaha, na Msaada Umpasao

Katika vijiji vingi vya Tanzania gobore ni chombo cha kulindia shamba. Nyani na nguruwe wakiharibu mahindi, mwenye shamba hulitwaa darini. Walakini gobore lisilo na leseni ni silaha haramu, hata kama halijapata kumdhuru mtu. Twapenda leo kuwaeleza wazee wa vijiji, waalimu na wasomaji wetu wote yapasayo kufanywa mtu akamatwapo kwa shauri hili, maana wengi huangamia kwa kutojua.

Sheria ya kusimamia silaha na risasi ilitungwa mwaka 2015. Leseni ni ya mtu aliyeandikwa jina lake, nayo haimhamii mwana baba afapo; bunduki hairithiwi kama jembe. Tena, kuwa na silaha bila idhini kumehesabiwa miongoni mwa makosa ya uhujumu uchumi, na mabadiliko ya mwaka 2016 yaliyawekea makosa hayo kifungo kisichopungua miaka 20 wala kuzidi 30. Basi asiseme mtu, "Ni gobore tu."

Kwanza, wakati wa upekuzi. Mwenyekiti au jirani aitwapo kushuhudia asikimbie. Na atazame kwa macho yake kitu kilipopatikana, katika chumba cha nani, na kina alama gani. Polisi hupaswa kutoa stakabadhi ya vitu walivyotwaa, yenye sahihi ya mwenye nyumba na ya mashahidi. Asitie mtu sahihi katika karatasi asiyosomewa. Hapa mwalimu aweza kuwafaa sana wasiojua kusoma.

Pili, kituoni. Mtuhumiwa hapaswi kupigana wala kudanganya. Atataja jina lake na mahali akaapo. Maswali mengine halazimishwi kuyajibu, na ana haki ya kuomba ndugu yake au wakili aarifiwe. Maelezo yaliyopatikana kwa mateso hayafai kuwa ushahidi, basi aliyeteswa na amwambie hakimu mapema.

Tatu, mahakamani. Mahakama ya wilaya haina uwezo wa kusikiliza shauri la uhujumu uchumi mpaka itolewe idhini ya kushtaki pamoja na hati ya kuipa uwezo huo, kutoka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka au afisa aliyekabidhiwa madaraka hayo. Mara nyingi Mahakama ya Rufani imefuta mwenendo wa kesi kwa kasoro ya hati hizi. Wakili huzichungua, tena huuliza kama silaha iliyoletwa ndiyo ile iliyokamatwa, nani aliipokea, na nani aliitunza. Mkulima aliye peke yake hawezi kuyajua hayo.

Asiye na fedha asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yampa jaji au hakimu uwezo wa kuagiza mshtakiwa maskini apatiwe msaada, haki ikidai hivyo. Jambo hilo na aliombe mapema, kabla mashahidi hawajaanza kusema. Wako pia wasaidizi wa kisheria. Hao hufundisha na kushauri, ila hawasimami mahakamani kama mawakili.

Akihukumiwa, kusudio la kukata rufani kwenda Mahakama Kuu hutolewa katika siku 10, na sababu za rufani katika siku 45 tangu kupata nakala ya hukumu. Aliye gerezani humkabidhi mkuu wa gereza karatasi zake. Ndugu wasikae wakilia hata siku zikapita.

Wako wasemao kwamba kumsaidia mshtakiwa ni kuutetea uhalifu. Sivyo. Mwenye hatia ataonekana, na asiye na hatia hatazikwa gerezani kwa bunduki ya mwingine. Lakini lililo bora ni kujikinga: mwenye gobore la marehemu darini na atafute shauri la sheria sasa, akaliripoti polisi mwenyewe kabla hajatafutwa. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza msamaha kwa waliosalimisha silaha kwa hiari. Yafaa wenyeviti wayataje haya katika mikutano ya vijiji, maana kinga ni bora kuliko tiba.