Barua ya Kuomba Bei ya Mashine za Kusafisha Kofia za Bodaboda

Abiria wengi wanaokataa kofia ngumu ya bodaboda hawakatai usalama, wanakataa jasho la mtu mwingine. Kofia ya abiria hupita vichwa vingi kwa siku moja, hushinda juani, hunyeshewa, na jioni hufungiwa stoo ingali mbichi. Dada aliyetoka kusuka jana akiinusa mara moja huirudisha kwa dereva, na anayeogopa mapunye au chawa haigusi kabisa. Wakati huohuo, uchambuzi wa tafiti uliochapishwa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa mpanda pikipiki kwa takribani asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Kofia inayonuka ikiachwa kwenye usukani haimlindi mtu. Ndiyo maana kikundi cha bodaboda, mwenye kituo cha mafuta au mwenye sehemu ya kuoshea magari anayetaka kununua mashine ya kusafisha kofia anafanya jambo la maana, na anastahili kupata mashine inayofanya kazi.

Mara nyingi mambo huharibika kwenye ujumbe wa kwanza: "Habari, mashine ya kusafisha helmeti bei gani?" Muuzaji atajibu kwa tarakimu, na tarakimu hiyo haitakuwa na maana. Hujui ni ya chumba kimoja au viwili, kama inakausha au inapuliza manukato tu, wala kama bei inaishia mlango wa kiwanda au bandari ya Dar es Salaam. Ukiwauliza wauzaji watatu kwa namna hiyo, utapata bei tatu za vitu vitatu tofauti. Utachagua ya chini, kumbe hukulinganisha chochote.

Kwa hiyo anza na hesabu ya kazi yako kabla ya kumtafuta muuzaji. Chukua mfano wa kijiwe chenye pikipiki 40, kila moja na kofia mbili, ya dereva na ya abiria. Hizo ni kofia 80. Kama kila kofia itasafishwa mara mbili kwa wiki, ni 160 kwa wiki, au kama 27 kwa siku kwa siku sita za kazi. Lakini hazitakuja zikiwa zimegawanyika sawasawa mchana kutwa. Dereva hawezi kuacha kofia asubuhi abiria wanapokimbilia kazini, wala jioni wanaporudi. Atakuja wateja wakipungua, tuseme kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kofia 27 ndani ya saa nne ni karibu kofia saba kwa saa. Hii saba ndiyo namba ya kuandika kwenye barua. Mashine ya vyumba viwili inayochukua dakika 15 kwa kila mzunguko inafikisha nane. Ya chumba kimoja haifiki, hata ikiwa nzuri namna gani.

Na hapo kwenye dakika 15 ndipo unapotakiwa kuwa mkali, kwa sababu matangazo mengi hutaja muda wa kuua vijidudu na kunyamaza kuhusu muda wa kukauka. Dereva hawezi kumvika abiria kofia yenye sponji bichi, na kofia iliyofungwa na unyevu itanuka tena kesho yake. Andika hivi: "Tunaomba idadi ya kofia kwa saa, kuanzia kofia chafu inapoingia hadi inapotoka ikiwa kavu na tayari kuvaliwa." Sentensi hiyo itawachuja wauzaji kuliko maswali mengine yote.

Kisha uliza inasafisha kwa njia gani. Mashine hizi hutumia mvuke, dawa ya kupuliza, gesi ya ozoni, miale ya UV, hewa ya moto, au mchanganyiko wa hizo. Kila njia ina mahali inapofaulu na mahali inaposhindwa. Miale ya UV hufanya kazi pale tu inapoangukia. Haiingii ndani ya sponji, na kila mkunjo wa kitambaa huacha kivuli ambamo fangasi hujificha. Taa zake pia huchoka: huweza kuendelea kutoa mwanga wa buluu huku nguvu ya kuua vijidudu ikiwa imeshuka, kwa hiyo ulizia saa za maisha ya taa na bei ya taa mpya. Ozoni hupenya vizuri zaidi na hupunguza harufu, lakini ni gesi inayodhuru mapafu na kuchakaza mpira. Nchini Marekani kiwango cha juu kinachoruhusiwa mahali pa kazi kwa zamu ya saa nane ni sehemu 0.1 kwa milioni. Kijana atakayesimama mbele ya mashine hiyo kutwa ni mtoto wa mtu. Muulize muuzaji ozoni huondolewaje kabla mlango haujafunguka, na kama mlango hujifunga wenyewe mzunguko ukiendelea. Asiyekuwa na jibu la swali hili usiendelee naye.

Joto nalo litajwe kwa namba. Ndani ya kofia kuna povu jeupe gumu, kama lile la kufungashia televisheni, na ndilo linalopokea kishindo kichwa kinapogonga lami. Likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hulegea na kusinyaa, na likishasinyaa kofia ni pambo tu ingawa kwa nje inang'aa. Mimi hushauri barua iseme wazi kwamba hewa inayogusa kofia isizidi nyuzi 50. Anayeuza mashine ya mvuke aeleze mvuke unafika kwenye povu ukiwa na joto gani. Dawa pia ipimwe kwa jicho hilohilo: ganda la plastiki na kioo cha mbele huweza kuharibiwa na vimiminika vikali vyenye asili ya petroli au thina. Omba jina la dawa na karatasi ya usalama wake, usikubali kuambiwa "ni siri ya kampuni".

Utakutana pia na madai ya kuua asilimia 99.9 ya vijidudu. Usibishane nayo, yaombee ushahidi. Ni vijidudu gani, kwa dakika ngapi, juu ya kitu gani? Kipimo kilichofanywa juu ya kioo kisafi hakisemi lolote kuhusu sponji lililolowa jasho la wiki mbili, kwa kuwa jasho, mafuta ya nywele na vumbi huwakinga vijidudu. Omba ripoti ya maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, iliyopima mashine yenyewe na siyo dawa peke yake, na iwe inataja fangasi pamoja na bakteria.

Mambo ya umeme ni mafupi lakini yasisahaulike: volti 230 kwa Tanzania au 240 kwa Kenya na Uganda, hezi 50, fezi moja, plagi ya pini tatu za bapa. Taja pia kwamba umeme hukatika. Mzunguko ukikatikia katikati, mashine huendelea ilipoishia, huanza upya, au mlango hubaki umefungwa na kofia ya mtu ndani? Kama inatumia maji, eleza maji uliyonayo. Sehemu nyingi za Dar es Salaam watu hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na chumvi huziba mirija ya mashine ya mvuke upesi.

Tundu la sarafu ni jambo dogo linalogharimu. Mashine nyingi za kujihudumia hutengenezewa sarafu za nchi nyingine, na wateja wetu hulipa kwa simu. Omba mashine ya kuwashwa kwa kitufe na mhudumu, lipa namba ikae ukutani, kisha uliza bei inapungua kiasi gani bila kifaa cha sarafu.

Sasa bei yenyewe. Ukiagiza nje, taja masharti ya biashara unayotaka na mji. FOB ina maana muuzaji anaufikisha mzigo melini huko kwake. CIF Dar es Salaam au CIF Mombasa inaongeza bima na nauli ya meli hadi bandarini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofika kijiweni kwako. Bado kuna ushuru wa forodha, ambao kwa Afrika Mashariki hutegemea namba ya bidhaa kwenye orodha ya ushuru wa pamoja, kuna VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya, kuna gharama za bandari na za wakala wa forodha. Kwa hiyo omba namba hiyo ya bidhaa (HS), uzito na vipimo vya kifurushi, halafu mpelekee wakala wako akukadirie kabla hujaamua. Barua iseme pia kwamba muuzaji atashughulikia cheti cha ubora cha TBS au KEBS kabla mzigo haujapakiwa. Kukitafuta mzigo ukiwa umeshafika ni hasara na usumbufu.

Omba bei igawanywe: mashine, vipuri vya mwaka mmoja, dawa, usafirishaji, mafunzo. Hapa kuna mtego ambao mchanganuo pekee huuonyesha. Tuseme muuzaji wa kwanza anataka shilingi 2,000,000, na dawa yake, inayopatikana kwake tu, ni shilingi 300 kwa kofia. Wa pili anataka 3,500,000, na dawa ni shilingi 80. Tofauti ya bei ni 1,500,000, tofauti ya dawa ni 220 kwa kila kofia. Baada ya kofia kama 6,800 ile mashine ghali imeshajilipa, na kwa kijiwe chetu cha kofia 160 kwa wiki huo ni muda wa karibu miezi kumi. Kinacholinganishwa ni gharama ya kofia moja iliyo safi na kavu. Ongeza umeme kwa njia hiyohiyo: kilowati za mashine mara muda wa mzunguko kwa saa, mara bei ya yuniti unayolipa kwenye LUKU, kisha gawanya kwa kofia zinazoingia pamoja.

Kuhusu idadi, sema kweli. Watu hudai wanataka mashine mia ili washushiwe bei, na muuzaji mzoefu hulitambua hilo mara moja. Omba bei ya mashine moja na bei ya tano, basi. Weka tarehe ya mwisho ya kujibu, iwe moja kwa wote, na utake bei idumu angalau siku 60, maana kikundi huhitaji muda wa kukaa kikao na kuchangishana. Waranti ieleze nani analipa nauli ya kipuri kikiharibika. Malipo ya awali ya asilimia 30 ni ya kawaida kwa wauzaji wa nje, ila sehemu kubwa ya kiasi kinachobaki ifungwe kwenye ukaguzi au nakala ya hati ya mizigo. Jina la akaunti ya benki lilingane na jina la kampuni kwenye ankara ya profoma. Ukipokea ujumbe kwamba akaunti imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo kabla hujatuma hata senti.

Mwishoni mwa barua omba jaribio. Muuzaji akiwa mjini, nenda na kofia tano za abiria zilizotumika kweli na saa ya kupimia. Kofia ikitoka, bonyeza karatasi laini kwenye sponji la ndani na lile la mashavuni: karatasi ikilowa, muda alioutangaza si wa kweli. Inuse palepale, uifungie kwenye mfuko usiku kucha, uinuse tena asubuhi, kwa kuwa manukato hufunika harufu kwa saa chache tu. Muuzaji akiwa ng'ambo, omba video ya mzunguko mmoja mzima isiyokatwa, saa ikionekana. Majibu yote yaliyoandikwa yaambatanishwe kwenye mkataba pamoja na barua yako, ili kofia saba kwa saa na nyuzi 50 ziwe masharti ya mauzo.