PS4 Ikizima Katikati ya Mechi: Anza na Hewa Kabla ya Fundi

Bumu likiingia, hosteli utakuta vyumba ambako watu wanne wamechanga wakanunua PS4 ya mtumba. Baada ya muda feni inaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Halafu siku moja, dakika ya 80, kwenye kioo linatokea onyo kwamba joto limezidi, na mashine inazima. Wa kwanza kuongea anasema, "Hiyo imekufa." Mara nyingi haijafa. Imekosa hewa tu.

Sony inaelekeza PS4 itumike kwenye joto la chumba la nyuzi 5 hadi 35. Dar es Salaam mchana wa Februari huku nje ni kama nyuzi 32. Chumba chenye watu wanne, pazia limeshushwa ili kioo kionekane vizuri, kinabakiza nafasi ndogo sana. Na umeme wote inaokula mashine unageuka joto. Feni huvuta hewa kwa matundu ya ubavuni, huipitisha kwenye mapezi ya chuma yanayonyonya joto la prosesa, kisha huitoa nyuma. Njia ikiziba, mashine inajipika.

Kwa hiyo, isiwekwe kitandani, kwenye zulia wala ndani ya kabati. Iache wazi pande zote, hasa nyuma. Feni ya chumba usiielekeze mgongoni kwake, maana unairudishia hewa ya moto. Na tafadhali, msiiweke kwenye friji: ikitoka huko, unyevu wa hewa yetu utageuka maji juu ya bodi.

Ikianza kusumbua, weka kiganja nyuma inapotolea hewa wakati gemu linacheza:

1. Feni inapiga kelele lakini hewa ni kidogo na ya moto: vumbi. Chomoa umeme, iache ipoe, safisha matundu kwa brashi laini au bloa. Shikilia mapanga ya feni yasizunguke.

2. Hakuna hewa kabisa: angalia feni, huenda imekufa.

3. Hewa ni nyingi lakini vuguvugu tu, na onyo bado linakuja: huenda krimu iliyo kati ya prosesa na chuma, ambayo mafundi wanaiita pesti, imekauka. Hapo inabidi ifunguliwe.

4. Inazima ghafla, bila onyo, tena ikiwa ya baridi: usihangaike na joto. Anza na soketi, waya na pawasaplai.

Ukishajua uko namba ngapi, ndipo nenda kwa fundi. Mwambie ulichokiona, na umwombe afungue mkiwepo. Anayeanza na "prosesa imeungua" kabla hajashika bisibisi anataja bei ya mashine nyingine, wakati nyie pengine mnahitaji kusafishiwa vumbi tu. Michango ya watu wanne si ya kuachia maneno ya dakika moja.