Chura wa Manyunyu

Ukisimama karibu na maporomoko ya Kaporogwe, kusini ya Tukuyu, manyunyu yatakulowesha. Huko milima ya Udzungwa, manyunyu ya mto Kihansi yalikuwa makao ya chura wa rangi ya dhahabu, asiyefikia sentimita 3. Hatagi mayai kama vyura wengi, huzaa watoto. Alitambuliwa mwaka 1996, wakati bwawa la umeme likijengwa. Mwaka 2000 maji yalielekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua mno. Watetezi wa mazingira walidai maji zaidi yaachwe mtoni. Umeme nao ulihitajika sana. Mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa, lakini baada ya mwaka 2003 chura huyo alitoweka korongoni. Kwa bahati, vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa. Wazao wao walirudishwa Kihansi mwaka 2012.

Je, kwa nini chura huyu hakuhamia mto mwingine?