Manyoya ya mbwa wangu yamegeuka pamba

Shangazi, nina mbwa jike aina ya Maltese, ana miezi tisa. Nilimnunua akiwa na manyoya ya singa, yanateleza mkononi. Sasa yamekuwa kama pamba na yamefungamana hadi kwapani. Kila Jumamosi namwosha, kisha namchana, lakini analia, na jana alining'ata kidole. Aliyeniuzia anasema nimpake mafuta ya nazi na kumlisha mayai. Mume wangu anataka anyolewe. Mimi naona aibu, maana uzuri wake ni manyoya. Nimekosea wapi?
Msomaji, Nairobi

Mwanangu, kwanza hicho kidole. Kama ngozi ilichanika, kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali leo hii, hata kama mbwa ni wako na amechanjwa. Kichaa cha mbwa hakina mchezo.

Sasa manyoya. Hukuyaharibu wewe. Kati ya miezi sita na mwaka mmoja, manyoya ya utotoni hupisha ya utu uzima, na hapo ndipo hufungamana kuliko wakati mwingine wowote. Tena, kuwa singa au pamba ni jambo la kurithi, kama nywele zetu, mayai hayataligeuza. Mafuta ya nazi nayo yatanasa vumbi, na mengine atayalamba. Ni kweli kwamba kwenye maonyesho ya mbwa Maltese hutakiwa awe na singa tupu, na mwenye manyoya ya sufu huhesabiwa ana kasoro. Wako haendi maonyesho. Analala miguuni pako.

Ulipokosea ni kutanguliza maji. Kifundo kikilowa hukaza, na kikikauka kimekuwa kama kitambaa kilichoshonwa. Chana kwanza, osha baadaye. Wala usichane manyoya makavu, yanakatika. Nyunyiza maji kidogo yaliyochanganywa na kondishena ya mbwa. Kisha fanya kama unavyomchana mtoto mwenye nywele ngumu: anza nchani, ushuke kuelekea shinani, huku vidole vya mkono wa pili vimeshika shina ili ngozi isivutwe. Wengi hulisahau hilo la kushika shina, na hilo ndilo linalomliza.

Usiiamini brashi peke yake. Hulainisha juu ukaona kazi imekwisha, kumbe chini kabisa, karibu na ngozi, pamebaki utando. Gawa manyoya tabaka kwa tabaka, na umalizie kwa chanuo la chuma. Likipita kutoka kwenye ngozi hadi nchani bila kukwama, hapo umemaliza. Pekua nyuma ya masikio, kwapani na chini ya mkanda wa shingo. Manyoya ya pamba yanataka hivyo kila siku, si Jumamosi tu.

Lakini kwa sasa, mumeo yuko sahihi. Kifundo cha kwapani humvuta ngozi kila anapopiga hatua, na chini yake unyevu hukaa hadi pakatoka vidonda. Kumchana hapo ni kumtesa. Mpeleke kwa kinyozi wa mbwa amnyoe kwa mashine. Usijaribu mkasi nyumbani: ngozi huwa imevutiwa ndani ya kifundo, na utaikata bila kuiona. Mwambie kinyozi asimwache upara pasipo lazima, kwani ngozi ya mbwa mweupe huungua juani. Penye vifundo vizito atalazimika kufika chini kabisa. Mwache, manyoya yataota. Akikuonyesha wekundu, usaha au harufu mbaya, pitia kwa daktari wa mifugo.

Mbwa mwenye manyoya mafupi asiyelia akiona chanuo si wa kuonea aibu. Mpeleke wiki hii, na usimwoshe tena kabla ya hapo.